Sura ya Sita: Gari Moja, Majina Matatu

Swali hili nimeulizwa sokoni, kwenye foleni ya kivuko, na mara moja hata msibani, tukiwa tumekaa chini ya turubai tukiwangojea wafiwa: "Gari yangu ni Ipsum. Mbona kipuri nilicholetewa ni cha Picnic? Ni gari ileile, au wamenidanganya?"

Wa mwisho kuniuliza ni jirani yangu hapa Kasuku, mjini Kindu. Ndugu yake anayeishi Brussels alimnunulia raki. Raki ni ile fimbo nene ya chuma inayolala chini ya injini. Hupokea mzunguko wa usukani, au volani kama tunavyosema huku, na kuusukuma kushoto au kulia hadi kwenye magurudumu ya mbele. Raki ya Brussels ilipanda ndege hadi Kinshasa, ikalala huko majuma kadhaa, ikapanda ndege nyingine hadi Kindu. Siku ilipofika, fundi alitandika gunia chini ya mwembe, akailaza mpya kando ya kuukuu. Urefu mmoja. Ncha zilezile. Matundu ya bolti yaleyale. Fundi akainyanyua ile mpya, akaigeuza, akairudisha chini, akaigeuza tena.

"Yaya," akasema, "hii ni ya gari yako kweli. Lakini ni sawa gari yako yenye kuonekana mu kiyoo."

Shina dogo ambamo fimbo ya volani huingia lilikuwa upande wa kulia kwenye raki kuukuu. Kwenye mpya lilikuwa kushoto.

Jibu fupi la swali, basi, ni kwamba jirani yangu hakudanganywa. Ipsum na Picnic ni gari moja. Jibu refu ndilo linalookoa pesa, na ndilo nitakaloeleza hapa: gari likitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi fulani, hubeba nchi hiyo mwilini mwake maisha yake yote, hata likija kufia Kindu. Anayetaka kununua huuliza kwanza, "Ni ya mwaka gani?" Mimi ningeanza na hili: "Ilitengenezwa kwa ajili ya nani?"

Gari lenyewe

Toyota ilianza kuuza Ipsum nchini Japani mwezi wa Mei 1996. Magari ya jamii hii huitwa minivani. Minivani si basi dogo la abiria kama Hiace, wala si teksi ya viti vitano. Ni gari la familia lenye paa lililoinuliwa kidogo na safu tatu za viti: wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma. Jumla saba. Chini ya bodi yake kuna mifupa ya gari dogo la kawaida: injini mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, ingawa zilitengenezwa pia chache zinazovuta kwa magurudumu yote manne.

Urefu wa Ipsum ya kwanza ni mita 4 na sentimita 53. Upana wake ni milimita 1,695, na hiyo namba ina kisa chake. Japani ina daraja la magari madogo ya abiria: upana usizidi milimita 1,700, urefu usizidi milimita 4,700, kimo kisizidi mita 2, na injini ya petroli isizidi lita 2. Gari likitimiza yote manne, namba yake ya usajili huanza na 5. Likizidi kipimo kimoja tu, huhamishiwa kwa wakubwa, namba yake ikaanza na 3. Wajapani wengi, kwa vichochoro vyao vyembamba na maegesho yao ya kubana, walitaka gari libaki kwenye daraja dogo. Wahandisi wakaishia milimita 5 kabla ya mpaka.

Kwa hiyo mama watatu wanaobanana bega kwa bega kwenye kiti cha katikati, wakitoka ibadani Mikelenge, wanabanwa na kanuni iliyoandikwa Japani kwa ajili ya vichochoro vya Japani. Nchi ya kwanza ya gari ilikwisha kuamua nani akae vipi ndani yake.

Mwaka 2001 ikaja Ipsum ya pili. Hii iliuvuka ule mpaka: upana wake ni karibu sentimita 176, na injini iliyouzwa Japani ni ya lita 2.4. Ilitengenezwa hadi 2009. Ukiwakuta watu wawili wanabishana kama Ipsum ni gari jembamba au pana, huenda wote wawili wanasema kweli. Mmoja anazungumzia ya 1998, mwingine ya 2003.

Kwa nini jina libadilike?

Jina la gari huchaguliwa kwa masikio ya mnunuzi. *Ipsum* ni neno la Kilatini lenye maana ya "lenyewe", na kwa Mjapani lina ladha ya ugeni na heshima. Ulaya na sehemu za Asia, gari hilohilo lilipewa jina la Picnic, neno ambalo kila mzazi analielewa bila kufafanuliwa: chakula kwenye kikapu, watoto, safari ya Jumapili. Ipsum ya pili ilipofika Ulaya ilikuta Toyota wamekwisha kuamua kuwa magari yao kadhaa ya familia huko yabebe neno Verso. Ikaitwa Avensis Verso. Hayo ndiyo majina matatu.

Wenzake hawa nawataja kwa sababu vipuri vyao huchanganywa kila siku:

- FunCargo ya Japani ndiyo Yaris Verso ya Ulaya.
- Corolla Spacio iliyotoka 2001 ndiyo Corolla Verso ya kwanza ya Ulaya.
- Mazda Premacy ya tangu 2005 ndiyo Mazda5.
- Honda Odyssey ya kwanza iliuzwa Ulaya kwa jina la Shuttle.

Na mchezo huu si wa Wajapani peke yao. Opel ya Ujerumani ilitoa minivani yake ya viti saba, Zafira, mwaka 1999. Uingereza gari hilo lilibeba nembo ya Vauxhall, Amerika ya Kusini nembo ya Chevrolet, Australia nembo ya Holden. Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha Japani yenyewe: kuanzia 2001 Zafira zilizoundwa Thailand ziliuzwa huko zikiwa na nembo ya Subaru na jina la Traviq. Mjapani alinunua Subaru, akafungua kapo, yaani kile kifuniko cha injini, akakuta Mjerumani aliyezaliwa Thailand.

Hivyo nembo na jina vinakwambia gari liliuzwa wapi. Havikwambii kilichomo ndani. Cha kuaminika zaidi ni sahani ndogo ya chuma chini ya kapo. Gari lililotengenezwa kuuzwa Japani lina namba fupi. Ipsum ya kwanza ya petroli imeandikwa SXM10. Yenye kuvuta magurudumu manne ni SXM15. Ya mazuti, yaani dizeli, ni CXM10. Ya pili ni ACM21 au ACM26. Herufi ya kwanza hutokana na injini: S kwa injini ya 3S, C kwa 3C, A kwa 2AZ. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Kabla hujamtumia mtu pesa akutafutie kipuri, piga picha sahani hiyo, uitume.

Mito miwili ya magari, na Kindu katikati

Kindu ina Lualaba moja, lakini mito ya magari inayotufikia ni miwili.

Mto wa kwanza unatoka mashariki. Japani hukagua magari kwa ukali: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi humfanya mwenye gari aliuze lingali na nguvu. Gari huingia mnadani, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam au Mombasa. Kutoka Dar kuna njia ya Kigoma, kisha ziwa Tanganyika hadi Kalemie, kisha reli ya Kalemie hadi Kabalo, kupanda kaskazini hadi Kongolo, na kilometa 355 za mwisho za reli kutoka Kongolo hadi hapa. Ukiitazama njia hiyo kwenye ramani utaitambua. Inafanana na njia ya misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip kutoka pwani kupitia Ujiji hadi Kasongo, ndiyo iliyoleta mkoa wetu wa Maniema lugha hii ninayoandikia. Mengine hupitia Lubumbashi na kupandishwa kwenye mabehewa huko, na mengine hujaribu bahati yake kwa barabara kutoka Bukavu. Yote haya, yakiwa yametoka Japani, yana volani kulia.

Mto wa pili unatoka magharibi. Magari yaliyotumika Ulaya hupakiwa Antwerp, yakashushwa Matadi, yakafika Kinshasa na volani zao za kushoto. Kutoka Kinshasa hadi Kindu hakuna njia nyepesi. Gari linaweza kupanda mto hadi Kisangani, kisha reli ya kilometa 125 inayozunguka maporomoko ya Boyoma hadi Ubundu, kisha mto tena hadi Kindu. Safari hiyo ni ndefu na ina mikono mingi ya kulipwa, ndiyo maana Picnic za Ubelgiji huzioni sana huku, ingawa sisi ndio tuliorithi sheria ya barabara ya Wabelgiji: Kongo tunaendesha upande wa kulia, na gari lililoundwa kwa upande huo ni lenye volani ya kushoto.

Serikali ya Kinshasa imetangaza zaidi ya mara moja kwamba magari ya volani ya kulia hayatakiwi, na mwaka 2012 ilitoa amri kwamba gari lililotumika lisiingie nchini likiwa limezidi miaka 10. Hata hivyo, magari ya volani ya kulia yamejaa mashariki ya nchi, na Ipsum zinazozunguka leo huuzwa kutoka mkono hadi mkono ndani ya nchi hii hii. Silaumu wanunuzi. Mtu hununua kinachofika.

*Kwa ufupi: jina linataja soko, sahani inataja mwili, na njia gari lilikopitia inakuambia volani ilipo.*

Volani upande usio wake

Watu wengi hudhani tabu ya volani ya kulia ni mazoea tu. Kuna zaidi ya mazoea.

Tabu ya kwanza ni kupita gari lingine. Dereva wa volani ya kulia, kwenye nchi inayoendesha kulia, amekaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori haoni kitu mbele mpaka atoe karibu gari zima katikati ya njia. Anayeona ni abiria wa kushoto, na ndiye anayeamua: "Pita! Hapana, ngoja!" Nimewahi kupanda gari ambalo macho hayo alipewa mtoto wa miaka kumi. Ukisafiri na gari la namna hii, mkalishe mbele mtu mzima asiyelala.

Tabu ya pili ni taa, na hii haizungumzwi. Taa ya mbele haimwagi mwanga sawasawa. Imeundwa iuinue kidogo upande wa pembeni, ili uone mtembea kwa miguu, na kuushusha upande wa katikati, ili usimpofushe anayekuja. Gari la Japani linaendeshwa kushoto, kwa hiyo huinua mwanga kushoto. Lilete kwetu: mwanga ulioinuliwa unamwingia motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, machoni anapokuja na abiria wake wawili, na mwenye baiskeli aliyebeba magunia ya makaa pembeni kulia, bila taa, anabaki gizani. Gari halina kosa. Linamulika vizuri sana pembe ya barabara ambayo haipo.

Dawa yake ni kutafuta taa za Picnic iliyouzwa Ubelgiji au Ufaransa, ukihakikisha kwanza kuwa umbo na matundu ya bolti vinalingana. Kwenye taa, kipuri chenye jina "lisilo lako" ndicho bora kuliko chenye jina lako.

Tabu ya tatu ni milango. Ipsum ina milango ya kawaida minne, hapo tumepona. Lakini minivani za Toyota Noah za mwanzo, zile za 1996 hadi 2001, zina mlango mmoja tu wa kuteleza, nao uko kushoto, kwa sababu Japani kushoto ndiko kwenye ukingo wa njia. Kindu kushoto ni katikati ya barabara. Mtoto wa shule anayeruka nje ya Noah ya namna hiyo anaruka mbele ya pikipiki. Mwenye gari hilo na ajizoeze kitu kimoja bila kuchoka: ashuke yeye kwanza, azunguke, asimame barabarani, ndipo afungue mlango.

Gari lililogeuzwa

Kwa sababu ya hayo yote, kuna biashara ya kugeuza. Magari ya Japani hupelekwa Dubai na Sharjah, volani ikahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha yakauzwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Kazi hii hufanyika pia kwenye gereji zetu za mashariki.

Fikiria kinachohamishwa. Dashibodi nzima, yaani ule ubao wa mbele wenye saa na vitufe. Raki. Pedali zote. Pampu kuu ya breki, ambayo imefungwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Ukuta ule hutobolewa upya upande mmoja na kuzibwa upande mwingine. Ikifanywa na fundi mwenye vipuri halisi vya gari la volani ya kushoto, na ukuta ukaimarishwa, gari linaweza kwenda. Ikifanywa kwa kuunganisha vipande kwa kulehemu, basi uhai wako na wa wanao umeshikiliwa na ule mstari wa kulehemu, kila unapokata kona na kila unapokanyaga breki.

Muuzaji anaweza asikuambie. Tazama mwenyewe:

- Wepa za kioo cha mbele hufagia kwa ajili ya macho ya dereva. Zikiacha kona chafu mbele ya volani, na kusafisha vizuri mbele ya abiria, zilipangwa kwa dereva wa upande ule mwingine.
- Kishikizo cha kufungulia kapo na cha kifuniko cha tangi mara nyingi huachwa vilipokuwa, upande wa kulia, miguuni pa abiria.
- Inua zulia upande wa abiria. Kiraka cha bati, kovu la kulehemu au tundu lililozibwa kwa gundi ni ushahidi.
- Sahani chini ya kapo ikisema SXM10 yenye namba fupi na volani iko kushoto, gari hilo lilizaliwa na volani kulia. Hakuna maelezo mengine.

Ukiniuliza mimi, bora volani ya kulia ambayo haijaguswa kuliko ya kushoto iliyounganishwa. Ya kwanza inakutaka uwe na subira barabarani. Ya pili inakutaka umwamini mtu usiyemjua, aliyefanya kazi usiyoiona.

Mambo madogo ambayo gari hubeba kutoka kwao

Redio ndiyo huwasumbua watu kabla ya kingine chochote. Redio ya gari la Japani la miaka ile husikia kuanzia 76 hadi 90 kwenye FM. Stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo, kwa hiyo mwenye gari hudhani redio imekufa. Nzima kabisa. Kuna kidude kidogo kama kiberiti kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinashusha masafa hadi redio iyasikie. Namba utakazoona kwenye kioo cha redio hazitakuwa zile zinazotajwa na watangazaji, lakini habari utazisikia.

Halafu kuna sauti. Katika magari mengi ya Japani, ukiwasha tu, mwanamke mpole husema sentensi moja ya Kijapani. Watu wameniambia eti ni onyo la injini. Mmoja alifikiri ni dua. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa. Kule barabara za kulipia zina mageti yanayosoma kadi gari likipita. Huku anaendelea kuiulizia kadi hiyo kila asubuhi.

Giaboksi ni jambo zito zaidi. Ipsum ya Japani ni otomati, inabadilisha gia yenyewe. Picnic ya Ulaya iliuzwa kwa wingi ikiwa na gia za mkono. Hapa Kindu tofauti hiyo unaiona siku betri inapokufa. Gari la gia za mkono watoto wa mtaa wanalisukuma, unaachia klachi, linawaka. La otomati haliwaki kwa kusukumwa, hata wakija watu ishirini. Tena likiharibika njiani, usikubali livutwe kwa kamba umbali mrefu magurudumu ya mbele yakiwa chini: pampu inayolainisha giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa giaboksi inajisaga ikiwa kavu.

Mafuta nayo yana uraia. Ipsum ya kwanza ya petroli, injini ya 3S, ni mvumilivu. Hata mkanda wake wa kuzungusha vali ukikatika, pistoni hazigongani na vali. Unafunga mkanda mpya, unaendelea. Avensis Verso ya mazuti, iliyotengenezwa kwa vituo safi vya Ulaya, ina pampu inayosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia vitundu vyembamba sana. Ukiijaza kwa kadafi, wale wauzaji wetu wa chupa na bidoni za kando ya njia, tone moja la maji au vumbi linatosha kuziharibu zile pua za kupulizia mafuta. Kwa Kindu gari la zamani na la kawaida linashinda la kisasa, na sioni haya kulisema.

Mwisho, maji ya rejeta. Gari huja kutoka Japani na maji ya rangi, nyekundu au kijani, yenye dawa ya kuzuia kutu. Likivuja, tunaongeza ya mtoni. Nilisimama kando ya Ipsum moja fundi alipofungua rejeta yake: kilichotoka kilikuwa uji wa rangi ya matofali, na vijitundu vya ndani vilikuwa vimeziba kama mirija ya mzee. Mwenye gari alikuwa amebadilisha kizibo, akabadilisha feni, na mwishowe akaambiwa atoe thamostati, ile vali ndogo inayopima joto la maji. Gari bado lilikuwa linachemka. Tatizo lilikuwa ni miaka mitatu ya Lualaba ndani ya chuma.

Basi, kipuri cha Picnic kitaingia kwenye Ipsum?

Kwa magari ya kizazi kimoja na injini moja, mgawanyo wenyewe ni huu.

Vinavyoingia bila kujali volani: chujio za mafuta na hewa, plagi, mkanda wa vali, pampu ya maji, beringi, amotisa, springi, pedi za breki.

Vinavyotegemea upande wa volani: raki, fimbo ya volani, pampu kuu ya breki na mabomba yake, mitambo ya wepa, dashibodi, taa za mbele.

Vinavyotegemea soko: giaboksi na vyote vinavyoiendesha, redio, baadhi ya nyaya na kompyuta ya injini.

Na kuna njia ya uhakika kuliko orodha yangu. Kipuri halisi cha Toyota kina namba ya sehemu mbili, tano na tano, zenye kistari katikati. Tano za kwanza zinataja aina ya kipuri, tano za pili zinataja ni cha gari gani na toleo lipi. Namba zikilingana zote kumi, jina la gari kwenye boksi halina kazi.

Ndipo tunarudi kwa jirani yangu, kwa sababu kosa la raki yake halikuwa jina. Picnic iliuzwa pia Uingereza, na Uingereza wanaendesha kushoto kama Japani. Picnic ya Uingereza ina volani kulia. Ndugu yake aliuliza "Picnic", akapewa Picnic ya Ubelgiji. Angeuliza "Picnic ya volani ya kulia", swali lingekwisha.

Saba ndani, na barabara yetu

Sitaki mtu aifunge sura hii akidhani Ipsum ni gari la kila mahali. Tumbo lake liko sentimita kama 16 juu ya ardhi likiwa tupu. Weka watu saba na magunia mawili, hesabu inashuka. Ndani ya mji, kuanzia stesheni hadi uwanja wa ndege, linatosha. Kuvuka kwenda Alunguli ni kwa kivuko, na pale ngazi ya chuma inapogusa udongo, bampa ya mbele hukwaruza; madereva wenye akili huwashusha abiria wote, wakapanda polepole kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine. Ng'ambo ya pili, kwenye njia ya Kalima au ya Kasongo wakati wa mvua, waachie pikipiki na Land Cruiser. Hata ile SXM15 ya kuvuta magurudumu manne itakwama, kwa sababu ikishalaza tumbo kwenye tope, magurudumu yote manne yanazunguka hewani.

Raki ya pili ilifika baada ya miezi miwili. Safari hii jirani yangu alikuwa ameipangusa ile kuukuu kwa kitambaa chenye petroli, akaisoma namba yake tarakimu moja moja kwa simu, ndugu yake akazirudia kutoka Brussels. Iliyopatikana ilitoka kwenye Picnic ya Uingereza. Fundi akatandika gunia lilelile chini ya mwembe, akazilaza mbili kwa pamoja, akaweka kidole kwenye shina la mpya, kisha kwenye la kuukuu.

"Kuume," akasema. "Kuume."

Jioni gari likawashwa. Yule mwanamke akaiulizia kadi yake, na watoto waliokuwa wamejipanga kiti cha nyuma wakamalizia sentensi pamoja naye, neno kwa neno.